Fundo la Uzi Mwekundu

Saa kumi na moja alfajiri, Ruzizi haijaamka vizuri,
nami nimesimama mbele ya wavu wa chuma
na mti wangu mrefu wenye kulabu.
Kazi yangu haina jina kwenye karatasi ya mshahara.
Wenzangu huniita Kijiko,
kwa kuwa nachota kisichonyweka.

Ziwa huleta kila kitu:
chupa za maji, chupa za mafuta, kandambili za mguu mmoja,
mwanasesere asiye na kichwa,
godoro la sifongo lililovimba kama aliyekufa maji,
na mifuko, mifuko, mifuko, laini kama kamasi,
inayojibandika kwenye wavu hadi maji yakose pa kupita.
Ndipo turbini inakohoa.
Ndipo Bisimwa wa chumba cha mitambo anainua simu,
anasema neno moja, "Kata,"
na Kadutu yote inazimika.

Na Kadutu ndiko kwangu.

Hatuna gari la taka. Tuna mteremko.
Mvua ikinyesha makorongo yetu hutapika.
Kila mtu humtupia jirani wa chini,
naye wa chini humtupia wa chini yake,
na wa mwisho kabisa ni ziwa,
na ziwa halina jirani ila mto,
na mto una mimi.

Nimeona wageni wenye kofia za njano mara nyingi kuliko mshahara.
Walisimama hapa, wakafungua ramani, upepo ukawagombania.
Wakasema megawati. Wakasema mkopo, awamu,
nchi tatu, kalamu tatu.
Mmoja aliniuliza jina, akaliandika vibaya.
Ramani ile ilikunjwa binti yangu Nshobole hajaota meno;
sasa yuko darasa la tano, anasoma kwa mwanga wa simu
iliyobaki na asilimia tisa.
Mashine ya pili imefunguliwa tumbo tangu mwaka juzi.
Kipuri kiko njiani, wanasema.
Nadhani kinatembea kwa magongo.

Mke wangu Nabintu huchemsha tangawizi kwa makala,
huitia kwenye chupa za kuokota,
hufunga shingo kwa uzi mwekundu, fundo lake peke yake,
mizunguko mitatu na sikio moja la sungura,
ili mtu ajue: hii ni ya Nabintu, haitakuumiza tumbo.
Friji tunayo. Ndani tumeweka sahani
na viatu vya kanisani.
Kwa hiyo tangawizi lazima iishe leo,
kwa bei ya asubuhi, kwa bei ya jioni,
usiku kwa shukrani tu,
na chupa huenda zinakokwenda.

Alhamisi kulabu ilipandisha tope la mifuko
na chupa moja nyembamba.
Uzi ulikuwa umepauka, lakini fundo halikulegea.
Mizunguko mitatu.
Sikio.
Nyuma yangu turbini ikakohoa.
Nikamsikia Bisimwa akiinua simu.

Sikuitupa kwenye lundo.
Niliificha kifuani, ikanilowesha hadi kitovuni,
nikapanda ngazi za mtaa wetu gizani, mia mbili na kumi na moja,
nikizihesabu kwa vidole vya miguu.
Nabintu alikuwa mlangoni na kibatari.
"Leo wamekata mapema," akasema. "Hivi huwa ni nani anayekata?"

Nikaiweka chupa mezani.

Aliigeuza. Akapapasa fundo kwa kidole gumba
kama mtu anayesoma barua ya deni.
Hakusema kitu. Sufuria ilikuwa inatokota,
na watu wa mwisho walikuwa bado wanapanda kutoka sokoni.
Akaisugua chupa kwa mchanga, akaichemsha,
akanipa.
"Shika hapa. Usitikisike."

Nikashika.
Akaijaza.
Akakata uzi mpya kwa meno.